Fahamu: Kuchangia NSSF kwa hiari baada ya kurudi kutoka ughaibuni

Mtanzania aliyefanya kazi za ndani Oman kisha akarejea Singida kulima alizeti au vitunguu hana mwajiri wa kumkatia mchango. Mlango wa hifadhi ya jamii haujafungwa kwake. Tangu mageuzi ya mwaka 2018, watumishi wa umma wako katika mfuko wa PSSSF, na mfuko wa NSSF unahudumia sekta binafsi pamoja na waliojiajiri, wakiwemo wakulima, mama lishe na wenye mashine za kukamua mafuta. Hawa hujiandikisha na kuchangia wenyewe.

Jambo zito ni hesabu ya miezi. Pensheni ya uzeeni hudai michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu ni miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Anayeanza upya akiwa na miaka 48 atafikisha miezi 144 tu kabla ya miaka 60. Lakini kama aliwahi kuchangia miezi 40 kiwandani kabla ya kusafiri, na hakuichukua michango hiyo, jumla yake ni 184. Ndiyo maana namba ya zamani ya uanachama itafutwe kwanza, na asisajiliwe upya kama mgeni.

Asiyefikisha 180 hulipwa kwa mkupuo. Fedha hiyo husaidia, ila haimfikii kila mwezi uzeeni. Miaka ya kuishi nje haihesabiki yenyewe. Kinachohesabiwa ni michango iliyoingia kwenye mfuko.