Kiswahili katika Madarasa ya Kwanza: Njia Mojawapo ya Kuinua Ubora wa Shule Zetu

Utangulizi

Mnamo Septemba 2019, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006, kinachotaka masomo ya msingi katika shule za umma yatolewe bila malipo. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, maana tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kuwalipa walimu. Madarasa yakajaa. Hata hivyo, kumwingiza mtoto shuleni ni jambo moja, na kumfundisha hata ajue kusoma ni jambo jingine. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, watoto 97 katika kila 100 wenye umri wa miaka kumi nchini mwetu hawawezi kusoma matini rahisi na kuielewa. Sababu ni nyingi: msongamano darasani, uhaba wa vitabu, mishahara midogo, vita mashariki mwa nchi. Hapa tutachambua moja tu, ambayo wanaisimu wana wajibu wa kuieleza: lugha ambayo kwayo mtoto hufundishwa kusoma na kuhesabu.

1. Sheria inasema nini?

Suala hili si jipya. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1974 wanaisimu waliokutana hapa Lubumbashi walidai lugha za Kiafrika zirudishwe shuleni. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inatamka wazi kwamba lugha za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, au lugha za mazingira ya mtoto, zitumiwe kufundishia na pia zifundishwe kama somo. Kwa hiyo hatukosi sheria. Tunachokosa ni matendo yanayolingana nayo.

2. Mtoto anaposoma hufanya nini?

Kusoma ni kuunganisha alama iliyoandikwa na sauti, kisha sauti hiyo na neno ambalo msomaji analijua tayari. Kiungo hiki cha pili kikikosekana, mtoto hutamka bila kuelewa. Hukariri kama kasuku.

Tuchukue neno la Kifaransa *oiseau*. Lina herufi sita, na hakuna hata moja inayotamkwa kama ilivyofundishwa katika alfabeti. Neno *ndege* halina fumbo la namna hiyo: herufi zake zote husikika. Tahajia ya Kiswahili ina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishaielewa kanuni, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona limeandikwa.

Hali ni hiyo hiyo katika hesabu. *Onze* huficha kumi na moja iliyomo ndani yake. *Kumi na moja* huitaja waziwazi. Na mtoto wa Katanga anayesema *makumi mbili* badala ya *ishirini* ameshika, bila kujua, msingi wa makumi na mamoja ambao mwalimu hutafuta kumfafanulia kwa shida ubaoni.

3. Kiswahili kipi?

Hapa ndipo penye ugumu. Vitabu vimeandikwa kwa Kiswahili bora: *watoto*, *vitabu*. Mtoto wa Lubumbashi husema *batoto*, *bitabu*. Mwalimu asiyeandaliwa humwambia kwamba hajui Kiswahili, na mara moja lugha ya nyumbani hugeuka kuwa lugha ya kigeni. Lakini *ba-* na *bi-* hazikutokea ovyo; ni viambishi vyenye utaratibu, vinavyolingana na *wa-* na *vi-*. Mwalimu anayeujua ulinganifu huo ataanza na matamshi ya mtoto, kisha atamvusha hatua kwa hatua hadi kwenye umbo la kitabu, bila kumdharau wala kumwacha pale alipo.

Tena tusisahau kwamba si kila mtoto wa mashariki huzungumza Kiswahili nyumbani. Vijijini Walungu mtoto huanza na Kishi. Kandokando ya Butembo huanza na Kinande. Kwa watoto hao, sheria ya 2014 inaruhusu lugha ya mazingira, na haifai kubadilisha kizuizi cha Kifaransa kwa kizuizi cha Kiswahili.

4. Hofu ya wazazi

Wazazi wengi huuliza: mtoto akisoma Kiswahili, atajua Kifaransa lini, na atapataje kazi? Swali hili ni la haki, wala tusilibeze. Jaribio lililoanzishwa Ife, Nigeria, mwaka 1970, ambamo watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi huku Kiingereza kikiwa somo, lilionyesha kwamba hawakubaki nyuma katika Kiingereza. Anayejua kusoma katika lugha moja hahitaji kujifunza upya kusoma ni nini. Tanzania nayo hutupa onyo: tangu 1967 hufundisha shule ya msingi kwa Kiswahili, lakini kurukia Kiingereza ghafla katika sekondari kumewatatiza wanafunzi wengi. Kuvuka lugha kwataka daraja.

5. Yanayopasa kufanywa

Kwanza, wanafunzi wa sekondari za ualimu wafundishwe namna ya kusomesha kwa Kiswahili, maana wengi wao hawakuona mfano wowote isipokuwa wa Kifaransa. Pili, vitabu vilivyotungwa kwa Kilingala, Kiswahili na Tshiluba katika miradi ya miaka ya 2010 vihakikiwe na kuchapwa tena. Visife pamoja na fedha za wafadhili. Tatu, idara zetu ziandike sarufi linganishi fupi ya Kiswahili cha Kongo na Kiswahili bora, iliyokusudiwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kazi hii ya tatu haingoji mfadhili.

Hitimisho

Lugha peke yake haitaponya shule zetu. Mwalimu mwenye njaa hafundishi vema katika lugha yoyote. Lakini hata siku atakapolipwa vizuri, hatafanikiwa ikiwa watoto walio mbele yake hawaelewi asemalo. Sisi tunaochunguza Kiswahili tumeandika mengi kwa ajili yetu wenyewe. Wakati umefika tumwandikie yeye pia.