Kabla ya Risasi ya Sarajevo

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuulizwa neno. Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, ikaacha pia madai yake ya Witu, karibu na Lamu. Yenyewe ikapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika hata kilometa mbili za mraba. Wajerumani waliokuwa na uchu wa makoloni walilalamika kwamba wamepunjwa: visiwa vya karafuu vimeachwa kwa ajili ya kipande cha mwamba.

Mwamba huo, hata hivyo, uko mbele ya mlango wa mto Elbe. Mwaka 1895 ulifunguliwa hapo Mfereji wa Kiel, ili manowari za Ujerumani zipite kati ya Bahari ya Kaskazini na Baltiki bila kuizunguka Denmark. Heligoland ikawekewa mizinga na kujengewa bandari ya kijeshi. Siku ya kutia saini, nchi hizi mbili hazikuwa maadui. Miaka 24 baadaye zilikuwa zinauana, nazo zilizivuta nchi nyingi pamoja nazo.

Kushindana peke yake hakuleti vita. Mwaka 1898 ofisa wa Kifaransa, Jean-Baptiste Marchand, alifika Fashoda, kando ya Nile katika Sudan Kusini ya leo, akapandisha bendera ya nchi yake. Miezi miwili baadaye akatokea Jenerali Kitchener na jeshi la Waingereza na Wamisri. Magazeti ya London na Paris yalichochea vita, na vita vilikaribia kweli. Lakini Ufaransa ilijipima ikaona haina ubavu wa kupigana na Uingereza huku Ujerumani, iliyoinyang'anya Alsace na Lorraine mwaka 1871, ikiwa jirani yake. Ikaondoka Fashoda. Mwaka 1904 mahasimu hao wakapatana: Uingereza ibaki na Misri, Ufaransa iachiwe Morocco. Ukatili wa mapatano hayo kwa Wamisri na Wamorocco ni jambo zito linalojitegemea. Kwa hesabu za Ulaya, palikuwa na kitu cha kugawana, na wakagawana.

Bahari haikugawanyika namna hiyo. Uingereza ilikuwa kisiwa kilichotegemea meli kwa sehemu kubwa ya chakula chake, na kwake nguvu ya majini ilikuwa suala la kula au kufa njaa. Ujerumani tayari ilikuwa na jeshi la nchi kavu lenye kuogopwa kuliko yote barani. Kaiser Wilhelm II, mjukuu wa Malkia Victoria, alitaka na manowari, na Admirali Tirpitz akampatia: sheria ya mwaka 1898 ilianzisha ujenzi wa kundi kubwa la meli za vita, na ya 1900 ikaliongeza maradufu. Kwa Wajerumani, hiyo ilikuwa heshima inayolistahili taifa kubwa. Waingereza waliona kisu kikinolewa mlangoni mwao.

Mwaka 1906 Uingereza ilishusha majini HMS Dreadnought, meli yenye mizinga kumi mikubwa na mwendo wa kasi kuliko manowari yoyote kubwa ya wakati wake. Meli zote za vita zilizotangulia zikawa za kizamani kwa siku moja, zikiwemo za Uingereza yenyewe, na mbio zikaanza upya. Mwaka 1909 hofu iliingia London kwamba Ujerumani inajenga kwa siri, wananchi wakadai manowari nane mpya kwa mpigo. Kila chombo kilichojengwa kwa ajili ya usalama kiliongeza hofu ng'ambo ya pili, na hofu hiyo ikajenga vyombo vingine.

Uingereza ilipatana pia na Urusi mwaka 1907, na Ufaransa na Urusi zilikuwa zimeshafungamana tangu 1894. Berlin ikajiona imezingirwa, ingawa ni Berlin yenyewe iliyowasukuma majirani kukumbatiana. Ikamng'ang'ania mshirika wake, Austria-Hungary, dola iliyokuwa ikitikiswa na madai ya mataifa madogo ndani yake.

Hapo ndipo uhasama ulipofikia hatua mbaya kuliko zote: watu wakaanza kuogopa kalenda. Urusi ilikuwa inajenga reli na kupanua jeshi, na majenerali wa Ujerumani walihesabu kwamba ifikapo 1917 hivi haitawezekana kuishinda. Katika kikao na Kaiser tarehe 8 Desemba 1912, mkuu wa majeshi, Moltke, alisema vita haviepukiki, na vikija mapema ndivyo bora. Tirpitz aliomba visubiri kama mwaka na nusu, hadi Mfereji wa Kiel upanuliwe na bandari ya Heligoland ikamilike. Mtu anayeamini kwamba kesho atakuwa dhaifu kuliko leo ni mtu wa hatari, na Ulaya ya 1914 iliongozwa na watu wa aina hiyo.

Upanuzi wa mfereji ulikamilika mwezi Juni 1914. Tarehe 28 ya mwezi huohuo, mjini Sarajevo, kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, alimpiga risasi mrithi wa kiti cha Austria-Hungary, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe Sophie. Ujerumani iliiahidi Austria-Hungary kuiunga mkono bila masharti. Austria-Hungary ikailaumu Serbia kwa mauaji hayo, ikaipa makataa ya saa 48, kisha ikaitangazia vita tarehe 28 Julai. Tarehe 30 Urusi, iliyoiunga mkono Serbia, ikaamuru jeshi lake lote likusanyike.

Kuanzia hapo ratiba za treni zilitawala. Mpango wa Ujerumani ulikuwa mmoja tu: kuipiga kwanza Ufaransa kwa takriban wiki sita kupitia Ubelgiji, kisha kuigeukia Urusi. Kila siku ambayo Urusi ilikusanya askari, mpango huo ulizidi kuharibika. Tarehe 1 Agosti Kaiser alipata matumaini kwamba Uingereza ingekaa kando iwapo Ufaransa haitashambuliwa, akamwambia Moltke apeleke jeshi lote mashariki. Moltke akajibu haiwezekani, jeshi la mamilioni halipangwi upya usiku mmoja. Matumaini yenyewe yalikuwa hewa. Tarehe 4 Agosti Wajerumani waliingia Ubelgiji, na Uingereza, iliyodhamini kutokuwamo kwa nchi hiyo tangu 1839, ikatangaza vita.

Siku nne tu baadaye manowari ya Uingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam, katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha nafasi ya makoloni ya eneo hili kukaa nje ya vita vya Ulaya, na gavana wa koloni hilo, Schnee, alitamani iwe hivyo. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka. Septemba meli ya Kijerumani, Königsberg, ilizamisha manowari ya Waingereza bandarini Zanzibar. Novemba Waingereza na wanajeshi wao kutoka India walishindwa vibaya Tanga, mbele ya kikosi kidogo sana kuliko chao. Mapigano yaliendelea hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, na Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Mzigo wa vita hivyo ulibebwa vichwani. Uingereza pekee ilitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, wengi wakikamatwa kwa nguvu vijijini, na inakadiriwa kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa, hasa kwa kuhara, malaria na njaa. Amani ilipokuja, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Ubelgiji, na pembe ndogo ya Kionga ikapewa Ureno. Maelfu ya familia za wapagazi waliokufa hazikupata hata mshahara waliokuwa wakiwadai wakubwa wao.