Handasa: Elimu ya Kupima Ardhi, na Kibla cha Ngara na Biharamulo

Maji yaangukayo kwa kishindo katika maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, huingia Ziwa Viktoria, na kutoka humo hushika njia ya Naili hadi Misri. Huko Misri ndiko elimu ya handasa inakosemwa kuwa ilizaliwa. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, aliandika kwamba mto ulipomega shamba la mtu, mfalme alipeleka wapimaji walipime upya ili kodi ipunguzwe. Naye akaona kuwa hapo ndipo Wayunani walipoipata elimu hii. Wao waliiita jiometria, yaani kupima ardhi. Handasa ni neno la Kiarabu, lenye asili ya Kiajemi: andaza, maana yake kipimo.

Karibu miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Euclid aliikusanya katika vitabu 13, kila neno na dalili yake. Al-Hajjaj bin Matar alivifasiri kwa Kiarabu zama za Khalifa Harun al-Rashid, na mara ya pili zama za al-Ma'mun. Ulaya ya Magharibi ilivisoma katika karne ya 12 kwa Kilatini kilichotolewa katika Kiarabu. Basi kijana anayeikimbia handasa shuleni akidai ni elimu ya Wazungu, atafute udhuru mwingine.

Tena ibada yetu yaihitaji. Kutoka Ngara na Biharamulo, Makka iko umbali wa karibu kilomita 2,800, na kibla kimepinda kutoka kaskazini kuelekea mashariki kwa digrii 19 au 20 hivi. Anayeelekea kaskazini tupu ameuelekeza uso wake jangwa la Sudan, na safu nzima nyuma yake.

Wanaojenga msikiti wasikisie. Kila mwaka, karibu tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na karibu tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba sawasawa. Na saa ya Makka ndiyo saa yetu. Simamisha mti kwa timazi. Kivuli kitakuwa kifupi, pungufu ya nusu ya mti. Mstari utokao ncha ya kivuli kwenda shina la mti ndio kibla. Ukuta wa mihrabu uukate mstari huo kwa pembe mraba, nayo hupatikana kwa kamba ya pima 12 zilizo sawa, ikivutwa pande tatu za 3, 4 na 5: pembe iliyo kati ya 3 na 4 ndiyo mraba.