Sura ya Tatu: Dalton Aweka Atomu Mizanini

Hewa tunayovuta ni mchanganyiko wa gesi kadhaa, na gesi hizo hazilingani kwa uzito. Oksijeni ni nzito kuliko naitrojeni, na mvuke wa maji ni mwepesi kuliko zote mbili. Kwa nini basi oksijeni haizami ikatuama mabondeni, naitrojeni ikabaki juu ya vilima? Swali hili lilimshughulisha sana John Dalton, mwalimu wa hisabati mjini Manchester, na ndilo lililomfikisha kwenye atomu.

Dalton alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na familia yao ilikuwa ya madhehebu ya Quaker. Enzi hizo, asiyekuwa muumini wa Kanisa la Anglikana hakuweza kupata shahada Oxford wala Cambridge. Dalton alianza kufundisha akiwa na miaka 12, na mengi aliyoyajua alijisomea mwenyewe. Mwaka 1787 alifungua daftari la hali ya hewa, akaliandika hadi alipofariki mwaka 1844. Lilikuwa na vipimo zaidi ya 200,000.

Kutoka kwenye vipimo vya hewa alihamia kwenye tabia za gesi. Mwaka 1801 alieleza kwamba katika mchanganyiko, kila gesi huwa na kanieneo yake, kana kwamba nyingine hazipo; kwa hiyo iliyo nzito haizami chini ya iliyo nyepesi. Kisha likazuka fumbo jingine: kwa nini maji humeza hewa ukaa kwa wingi, lakini haidrojeni kidogo tu? Dalton alidhani siri imo katika uzito wa chembe za kila gesi. Dhana hiyo haikusimama, lakini ilimlazimu kutafuta uzito wa kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona.

Wazo la atomu lenyewe lilikuwa la kale. Democritus wa Ugiriki alilifundisha karne ya 5 kabla ya Kristo, ila hakukuwa na kipimo cha kulithibitisha wala kulipinga. Mwishoni mwa karne ya 18, Wafaransa wawili walitayarisha njia. Antoine Lavoisier alionyesha kwamba uzito haupotei vitu vinapoungana kikemia. Joseph Proust naye alionyesha kwamba kampaundi moja huwa na elementi zilezile kwa uwiano uleule wa uzito.

Dalton alitoa sababu. Kila elementi ina atomu za aina yake, zenye uzito wake, na atomu huungana zikiwa nzima. Chukua gesi mbili zitokanazo na mkaa. Jiko likikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoua watu waliolala chumba kilichofungwa. Humo, gramu 3 za kaboni zimeshikana na gramu 4 za oksijeni. Katika hewa ukaa, gramu 3 hizohizo zimeshikana na gramu 8: mara mbili kamili. Kama atomu ya kaboni hushika atomu moja ya oksijeni au mbili, wala si moja na robo, hesabu haiwezi kuwa vinginevyo.

Na uzito wa atomu moja? Fikiria makande yenye punje moja ya mahindi kwa kila harage moja. Ukitenganisha na kupima, maharage yote yakawa na uzito mara mbili ya mahindi yote, basi harage moja lina uzito wa punje mbili, hata kama hukuhesabu hata moja. Kwa njia hiyo Dalton aliipa haidrojeni, nyepesi kuliko zote, uzito wa 1, akazilinganisha nyingine nayo. Jedwali lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1805, na nadharia akaieleza kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1808.

Ila njia hii hudai ujue kwanza idadi ya atomu zinazoungana. Kwa kutafuta urahisi, Dalton alichukulia kwamba maji ni atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni. Kwa hiyo, pamoja na udhaifu wa vipimo vya wakati ule, mwaka 1808 aliipa oksijeni uzito wa 7, ilhali ni 16. Mwaka huohuo mwanakemia Gay-Lussac alionyesha kwamba lita mbili za haidrojeni huungana na lita moja ya oksijeni, lakini Dalton hakukubali. Amedeo Avogadro alieleza maana ya jambo hilo mwaka 1811, akapuuzwa. Hatimaye Stanislao Cannizzaro aliwashawishi wanakemia wengi kwenye mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860.

Kosa hilo liliweza kusahihishwa kwa sababu lilikuwa namba, na namba hupimwa upya. Hapo ndipo Dalton alipompita Democritus. Miongoni mwa waliomsikiliza Cannizzaro alikuwa kijana wa Kirusi, Dmitri Mendeleev. Mwaka 1869 alizipanga elementi kwa uzito wa atomu zake, na kutokana na mpangilio huo akabashiri elementi ambazo hakuna aliyekuwa amezigundua. Sura inayofuata inaeleza alivyofanya hivyo.