Fyuzi Nzima, Soketi Imeungua

Msomaji wetu mmoja, dereva wa gari la abiria kati ya Lupembe na Makambako, ameleta swali ambalo mafundi umeme wa huko watalitambua mara moja. Gari lilichemsha mlimani. Alipofungua boksi la fyuzi akakuta plastiki inayoshika fyuzi ya feni ya rejeta imeyeyuka na waya umekuwa mweusi, lakini fyuzi yenyewe, ile ya kijani ya ampea 30, haijakatika. Akawekewa nyingine, haukupita muda, plastiki ikayeyuka tena. Anauliza: kazi ya fyuzi si kukatika kabla vitu havijaungua? Na je, aweke ya ampea 40?

Habari za rejeta na pampu ya maji tuziache, kila dereva wa milima anazijua. Itoshe kusema kwamba gari likipanda kwa gia ya kwanza limejaa abiria, upepo wa mwendo haupo, feni ndiyo inayobeba mzigo. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lilelile hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Hata baridi ya Julai haiipi feni mapumziko makubwa. Feni ya wati 240 kwenye umeme wa volti 12 huvuta ampea 20, mfululizo.

Sasa utamu wenyewe. Mguu wa fyuzi ukichomekwa kwenye soketi, jicho huona bapa mbili za chuma zimelaliana. Ragnar Holm, mwanafizikia mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Siemens mjini Berlin na kuchapisha kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1941, alionyesha kwamba vyuma viwili hugusana kwenye vinundu vichache tu.

Vichukue vilima vya Lupembe na mabonde yake yote ya chai. Halafu chukua nchi nyingine yenye vilima vya namna hiyo, uipindue kichwa chini, uilaze juu yake. Zitagusana wapi? Kilele kwa kilele, na hapo pia si vilele vyote. Wakazi wote wa mabondeni wanaotaka kuvuka kwenda nchi ya juu watoke kila upande, wapande, wabanane, wapenye kwenye vilele hivyo vichache. Wavukaji hao ndio umeme. Springi ya soketi ikibana sawasawa, nchi ya juu inakandamizwa, vilele vinabonyea na vivuko vinapanuka. Springi ikilegea, nchi ya juu inanyanyuka kidogo na vivuko vinapotea kimoja kimoja. Mtikisiko wa barabara unavisugua vilivyobaki mpaka mchovyo unaoikinga shaba unakwanguka, na juu ya shaba iliyo wazi unatanda ukungu wa oksidi usiopitika. Wavukaji hawajapungua: feni bado inadai ampea zake 20.

Msongamano huo nauita ukinzani wa mguso, ili usichanganywe na ukinzani wa waya. Waya unaweza kuwa mzima kabisa, mguso ukawa mbovu.

Hesabu yake tunayo tangu mwaka 1841, James Prescott Joule wa Uingereza alipoichapisha: joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mguso mzuri wa omu 0.002 unatoa 20 × 20 × 0.002, yaani wati 0.8, joto lisilomdhuru mtu wala plastiki. Mguso uliochakaa ukafika omu 0.1 unatoa wati 40. Kiasi hicho kinatosha chuma cha kulehemu risasi kwenye redio, nacho hapa kimefungiwa ndani ya plastiki, chini ya boneti.

Tena balaa hili linajilisha lenyewe. Joto linailegeza springi. Springi ikilegea ukinzani unapanda. Ukinzani ukipanda joto linazidi, na oksidi inanenepa.

Na fyuzi? Yenyewe inaangalia wingi wa umeme unaopita, basi. Wingi huo haujaongezeka. Umepungua kidogo kwa sababu ya ukinzani uliozuka. Uti wa ndani wa fyuzi nyingi za aina hii ni wa zinki, inayoyeyuka kwenye nyuzi 420 za selsiasi. Nailoni huyeyuka kati ya 220 na 260. Ndiyo maana plastiki inatangulia kuisha huku fyuzi ikibaki nzima.

Kwa hiyo ampea 40 hapana. Ile ya 30 haikushindwa kazi, na kubwa zaidi inaondoa ulinzi wa waya. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni mbaya kuliko hiyo 40. Kinachotakiwa ni kuondoa mguso ulioungua: chomoa hasi ya betri, kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, funga soketi mpya yenye waya wa milimita za mraba 4, ubanwe kwa koleo la vichwa vya waya, si kwa meno ya plaizi. Feni nayo izungushwe kwa mkono. Ikiwa nzito, mota inavuta umeme kupita kiasi.

Halafu pima, usiridhike na macho. Feni ikiwa inazunguka, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye chuma kilicho wazi mgongoni mwa fyuzi, nyingine kwenye waya unaotoka kwenye soketi. Mguso mzuri utasoma chini ya volti 0.1. Ukisoma nusu volti, kwa ampea 20 hapo pana wati 10 za joto tayari, na soketi hiyo irudiwe kabla gari halijapakia abiria.