Kumpima Mzee Anavyosimama: Mara Moja Haitoshi

Mwaka jana nilisimama kwa mguu mmoja katika hospitali moja hapa Maskati, kijana wa mazoezi ya viungo akanihesabia sekunde 11. Baada ya wiki tano nikarudi, nikapokewa na kijana mwengine, nikapata sekunde 4. Jioni ile ile watoto wakakusanyika sebuleni, na mmoja yuko London kwenye simu. Baba asitoke tena peke yake. Baba asipande ngazi. Baba asifunge mlango wa choo. Nami nimekaa pale pale kwenye kiti changu, nasikiliza hukumu kama mshitakiwa asiye na wakili.

Nikawauliza swali moja tu: mara ya kwanza nilipimwa vipi, na mara ya pili nilipimwa vipi? Hakuna aliyejua. Mimi nilijua, kwa kuwa miguu ni yangu. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, nimekunywa chai, nimevaa raba, sakafu ngumu, nasimamia mguu wa kulia na macho yangu kwenye saa ya ukutani. Mara ya pili ilikuwa saa saba mchana baada ya foleni ndefu, niko na soksi juu ya zulia laini, nasimamia mguu wa kushoto wenye goti bovu, na kijana ananiuliza habari za Zanzibar huku anahesabu. Zaidi ya hayo, wiki ile nilikuwa nimebadilishiwa dawa ya presha.

Ndugu wasomaji, mimi nilikuwa karani, na miaka yangu ya mwanzo kazini niliimaliza mbele ya mizani ya karafuu kule Pemba. Karani wa mizani hufunzwa mapema kwamba kabla ya kulilaumu gunia aitazame mizani. Je, imeanza kwenye sifuri? Imewekwa pahala palipo sawa? Hamali hajaegemea? Gunia lile lile likipimwa mara mbili likatoa uzito mbali mbali, hakuna cha kuandika daftarini.

Na mwili wa mtu ni mgumu kupima kuliko gunia, kwa sababu hautulii. Tunasema fulani kasimama tuli, lakini hakuna binaadamu asimamaye tuli. Uzito wa mwili huangukia mbele kidogo ya kifundo cha mguu, kwa hiyo mwili wakati wote unataka kuinama mbele, na misuli ya nyuma ya mguu inauvuta urudi. Tunayumba hivyo mchana kutwa bila ya kujijua. Habari za kuyumba huko hupelekwa kwenye ubongo na watumishi watatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Mmoja akichoka, wawili hubeba kazi yake, na mwenyewe huenda asijue kama kuna aliyechoka.

Aliyetuonyesha namna ya kumfichua aliyechoka ni daktari wa Berlin, Moritz Romberg, katika miaka ya 1840. Alikuwa na wagonjwa ambao uti wao wa mgongo umeharibika, hawana hisia nzuri miguuni. Akiwasimamisha miguu pamoja na macho wazi, walisimama. Akiwaambia wafumbe macho, waliyumba hadi kutaka kuanguka. Macho ndiyo yaliyokuwa yakiwashika. Madaktari waliona pia kuwa wagonjwa wa namna hii huanguka asubuhi wanapoinamia beseni na kufumba macho kuosha uso. Jambo hili litazameni vizuri majumbani mwenu. Ugonjwa wa sukari, ambao hapa Ghuba ni wa karibu kila familia, huua hisia za nyayo pole pole. Mzee mwenye ganzi miguuni anapofumba macho kuosha uso wakati wa kutia udhu, amesimama juu ya marumaru yenye maji, tayari yumo katika kipimo cha Romberg, na hana wa kumdaka.

Siku hizi mahospitali makubwa yana bamba la kusimamia, lenye vipimo vya nguvu chini yake, ambalo husoma mara nyingi katika kila sekunde uzito umeegemea wapi na unahama kwa kasi gani. Ni chombo kizuri. Lakini hata bamba hilo halikomboi upimaji mbovu. Wataalamu waliopitia tafiti nyingi za chombo hiki, wakachapisha mwaka 2010, walisema mtu asimame kiasi cha sekunde 90, na arudie mara tatu hadi tano, ndipo wastani wake uaminike. Ukimpandisha mzee nusu dakika mara moja na kumshusha, umepata picha ya nusu dakika ile tu. Miguu ikiwekwa mbali kidogo kuliko mara iliyopita, jawabu hubadilika. Ukimwambia "simama tu" au "jitahidi usitikisike kabisa", hayo ni maagizo mawili, na mwili huyajibu mbali mbali.

Kipo pia kipimo kisichotaka mashine, alichokitengeneza Katherine Berg na wenzake kule Kanada mwaka 1989. Kina kazi 14, kama kuinuka kitini, kugeuka, kuokota kitu chini, na kila moja hupewa alama 0 hadi 4, jumla 56. Nakipenda kwa sababu watu walikaa wakatafuta jambo ambalo makarani wengi hawalitafuti: alama ngapi ni mabadiliko ya kweli, na ngapi ni kuyumba kwa kipimo chenyewe? Kwa mzee aliyepata kati ya 45 na 56, ilionekana ni lazima zibadilike alama 4 au zaidi ndipo daktari aseme kwa yakini kuwa hali yake imebadilika. Kwa hiyo baba akitoka 52 akaja 50, msianze kulia wala kupigiana simu.

Sisemi kuwa vipimo ni upuuzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi kati ya wanaokufa ni wazee. Utafiti wa Brazil wa mwaka 2022, uliofuatilia watu 1,702 wa umri wa miaka 51 hadi 75, ulikuta walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata, hata baada ya kuhesabu umri na maradhi yao. Na hao walipewa nafasi tatu za kujaribu, si moja.

Mkitaka kupima nyumbani, njia inayotumiwa sana Marekani ina hatua nne, kila moja sekunde 10: miguu sambamba, kisha mguu mmoja usogezwe mbele kidogo, utumbo wa unyayo mmoja uguse kidole gumba cha mwengine, kisha mguu mmoja mbele ya mwengine, kisigino kiguse vidole, mwisho mguu mmoja. Asiyeweza hatua ya tatu kwa sekunde 10 yumo katika hatari ya kuanguka, na apelekwe kwa daktari. Mzee asimame karibu na meza nzito au kwenye pembe ya ukuta, na mtu mzima mwenye nguvu awe ubavuni pake, mikono tayari bila ya kumshika. Macho yabaki wazi. Kufumba macho waachieni watu wa hospitali. Kisha andikeni. Siku, saa, viatu au miguu mitupu, mguu gani, dawa gani alizokunywa, amelala vipi. Mara nyingine rudieni mambo yale yale, na wote mnyamaze. Mwalimu wetu wa skuli ya misheni alikuwa akitusimamisha kwa mguu mmoja kwa adhabu, na aliyechekeshwa na mwenzake ndiye aliyeanguka kwanza.

Mimi nilirudi hospitali nikiwa na karatasi yangu. Nikaomba nipimwe asubuhi, sakafu ngumu, mguu wa kulia, mara tatu: 9, 12, 10. Kushoto: 5, 4, 5. Basi sekunde 4 zile hazikuwa uongo, zilikuwa za mguu mwengine, na goti hilo sasa linafanyiwa mazoezi. Dawa ya presha nayo daktari aliitazama upya, maana nilikuwa napata kisunzi nikiinuka. Watoto wamefunga chuma cha kushikia bafuni, nami nimekubali bakora kwenye ngazi. Jioni natembea peke yangu hadi baharini. Mlango wa choo naufunga, ila ufunguo wa pili anao binti yangu.