Kabla hujalipia shule ya udereva, uliza utafanya mtihani na gari gani

Tuseme umepata kazi ya kusambaza mikate. Bosi anakupa ufunguo wa pikapu, unaingia, unaangalia chini: pedali tatu. Leseni yako imeandikwa B1. Kazi imeisha kabla haijaanza, maana B1 ni ya gari dogo la otomatiki peke yake. Anayetaka kuendesha la otomatiki na la gia za mkono pia anahitaji B2.

Wengi hulijua hili wakiwa wameshatoa pesa. Shule nayo haina haraka ya kukueleza.

Mambo yenyewe yako hivi. Ukiwa na miaka 18 na kitambulisho, unaingia eCitizen unalipia leseni ya muda, ile tunaita PDL. Hiyo ndiyo inakuruhusu kushika usukani barabarani, tena mwalimu akiwa kando yako na alama za L zikionekana mbele na nyuma ya gari. Usidanganywe eti Jumapili asubuhi mtaa ni mtupu kwa hivyo unaweza kujifunzia na Probox ya binamu bila karatasi yoyote. Ukisimamishwa, kesi ni yako.

Darasani utakutana na bodi, ule mji mdogo uliochorwa mezani, na kigari cha kuchezea. Unakisukuma huku ukieleza: nakaa kushoto, nafika mzunguko, nawapisha wanaotoka kulia, naingia. Watu hukariri maneno haya kama shairi la shule ya msingi, halafu mtahini wa NTSA anakiweka kigari upande mwingine na mtu anabaki ameduwaa. Elewa kwa nini unasimama pale. Alama za barabarani pia utaulizwa, kisha unaingia kwenye gari lenyewe.

Na hapo ndipo tunarudi kwa gia. Otomatiki ni raha, siwezi kukataa. Hakuna klachi, hakuna kuzimikiwa na gari mlimani huku matatu inakupigia honi nyuma. Kama lengo lako ni Vitz ya kukutoa Ruaka hadi mjini, chukua B1 na usijisumbue. Lakini kama unatafuta riziki, teseka na klachi sasa. Wala usifikiri B2 itakupa matatu: gari la abiria lina daraja la D, na ile ya abiria 14 ni D1. Boda nayo ni A3. Kwa kazi ya abiria utaitishwa cheti cha tabia njema kutoka polisi.

Kuna jamaa atakuambia anaweza kukupatia leseni bila kufika kwenye mtihani. Leseni ya aina hiyo, au ya daraja lisilo la gari uliloshika, ni noma siku ya ajali. Kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na aliyegongwa atakutafuta wewe.

Ukipita, utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole ili upate kadi yenye chipu, Sh3,000 kwa miaka 3. Ukiipokea, isome hapo hapo kaunta. Daraja likiwa tofauti na lile ulilofanyia mtihani, usiondoke.